Mwalimu Mzima na Gitaa la Plastiki

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine. Yule mwanamume aliyepiga magoti leo saa nane mchana mbele ya televisheni, hapa Eldoret mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, macho yamefumbwa kama mtu anayeombewa, ni mimi.

Na nilikuwa nimevaa koti.

Wengi wenu mnaniita Mwalimu. Nimepiga gitaa kanisani miaka kumi na minne, na nyuma ya nyumba yangu pale Kiplombe nina chumba cha kufundishia watu wazima. (Watoto siwawezi. Wanauliza maswali.) Kati ya wanafunzi wangu, ninayempenda zaidi ni mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, upande wa Plateau. Tumwite Mzee Barno. Jina nimebadilisha, kwa hivyo msianze kupiga simu.

Mzee Barno alikuja kwangu mwanzoni mwa mwaka akiwa amevua kofia. Binti yake wa mwisho ataolewa Desemba, na yeye anataka siku hiyo asimame mbele ya watu apige wimbo mmoja wa tenzi, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hajamwambia mtu, hata mkewe. Gitaa lake linalala ghalani, nyuma ya magunia ya mahindi. Vidole vyake vina nguvu, vimekamua miaka arobaini. Shida yake ni moja tu. Anakimbiza wimbo. Anaanza vizuri, polepole, halafu akifika kwa kiitikio anaondoka mbio kama ng'ombe aliyeona lango liko wazi. Mimi namwambia, "Mzee, umekimbia." Anaomba msamaha. Anaanza tena. Anakimbia tena.

Sasa, wiki tatu hakuja. Nikimpigia simu ananiambia ng'ombe anazaa. Wiki ya pili pia, ng'ombe anazaa. Wiki ya tatu, ng'ombe huyo huyo. Mimi si mkulima lakini nilianza kuwa na maswali.

Jana jioni mwenzangu wa kwaya akaniambia amemwona Mzee Barno mjini, na gambuti zake, viatu vya mpira vya zizini, amekumbatia gitaa la plastiki jekundu mbele ya televisheni. Ati kuna mama mmoja amefungua mahali pa gemu za muziki.

Sikulala vizuri. Mwanafunzi akikuacha aende kwa mwalimu mwingine, unavumilia. Lakini akikuacha aende kwa televisheni?

Leo baada ya chakula cha mchana nikavaa koti la kanisani, nikabeba gitaa langu mgongoni ndani ya mfuko wake, nikapanda boda boda hadi mjini. Njiani nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na sehemu tatu.

Nikapanda ngazi. Juu kuna chumba kimoja kirefu, safi kabisa. Ukutani yamening'inia magitaa ya plastiki kama nyama buchani: jekundu, jeupe, jeusi, na moja lenye umbo la ajabu ambalo sijui lilitengenezewa nani. Kwa kona kuna ngoma za mpira zimefungwa kwa vyuma. Dirishani kuna ngoma moja nene, ya kupigwa na fimbo mbili. Chini kuna mkeka wenye mishale, wa kuchezwa na miguu. Halafu, katikati ya hayo yote, cherehani.

Mwenyewe anaitwa Mama Wangare. Alikuja Eldoret kutoka upande wa Nyeri akiwa msichana, na chumba hicho amekishonea nguo miaka ishirini. Siku moja alinunua mzigo wa vitu vya umeme vya mitumba akitafuta pasi, akakuta haya magitaa ndani. Hakujua ni ya nini. Aliyafungua moja moja, akayatengeneza, akatafuta gemu zake, akajifunza kuyacheza. Nguo bado anashona. Anaonekana tu kama mtu aliyegundua kwamba cherehani si chombo pekee chenye pedali duniani.

Mzee Barno alikuwa amesimama mbele ya skrini, mgongo kwangu. Nikafungua mdomo nianze sehemu ya kwanza ya hotuba. Mama Wangare akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza kwamba hapo mtu hakatizwi katikati ya wimbo.

Kwa hivyo nikasimama na hotuba yangu, nikaangalia.

Kwenye skrini kuna barabara nyeusi, na vidonge vya rangi vinateremka juu yake kuja kwako. Kijani, chekundu, cha njano, cha buluu, cha rangi ya chungwa. Kwenye shingo ya gitaa kuna vibonyezo vitano vya rangi hizo hizo. Kidonge kikifika kwa mstari, unakaba rangi yake kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia unagusa kijibao kidogo kilichowekwa mahali pa nyuzi. Ukigusa kwa wakati, gitaa linasikika. Ukiwahi, kimya. Ukichelewa, kimya. Ni hivyo tu.

Na Mzee Barno alikuwa hakimbii.

Nilisikiliza wimbo mzima nikingoja akimbie. Kiitikio kikaja, kikapita, naye ametulia kama mtu anayemimina maziwa kwenye kibuyu. Ulipoisha, akageuka, akaniona. Akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe hakuzaa."

Nikamwambia najua. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, halafu akanieleza jambo ambalo bado linaniuma kwa sababu ni kweli. Alisema kwangu anaambiwa amekimbia wakati ameshakimbia. Hapa anaona mwenyewe, palepale, kidole kwa kidole. Kidonge hakimngojei na hakimkemei. Alisema pia kwamba hapa hamchoshi mtu.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini nilikuwa na hotuba. Nikasema hivi ni vitu vya watoto. Nikasema gitaa bila nyuzi ni kama ng'ombe bila chuchu. (Niliona huo mfano utamgusa.) Nikasema mtu aliyepiga gitaa la kweli miaka kumi na minne anaweza kucheza hii na mkono mmoja akinywa chai.

Mama Wangare hakukasirika. Alinivutia kiti niweke mfuko wangu, akasema tu, "Karibu basi, Mwalimu. Sisi tunajifunza kwa kuona."

Na Mzee Barno, kwa adabu sana, akaongeza kwamba nikiliweza hilo gitaa, kesho kutwa anarudi darasani na hatoki tena mpaka Desemba.

Tukaanzia kwa ngoma, kwa sababu nilitaka kujipasha moto. Vile vipande vinne vya mpira vina rangi, na chini kuna pedali ya mguu. Mama Wangare amevifunika na tyubu ya baiskeli ili majirani wapate amani. Niliwaza ngoma zitakuwa rahisi. Mikono yangu ilikuwa sawa. Mguu ndio ulikataa. Kila mara mkono wa kulia ukipiga, mguu nao unapiga, kama ndugu wawili wanaoogopa kuachana. Umati ulioko ndani ya gemu ukaanza kunizomea. Nikiwa bado nalaumu kiti, skrini ikafunga wimbo. Nilikuwa nimedumu muda wa kumenya ndizi.

Mama Wangare akaketi mahali pangu kunionyesha. Jamani. Mguu wake ulitembea peke yake, laini, bila haraka, na juu mikono inafanya mambo mengine kabisa. Akaniambia ni cherehani. Miaka ishirini mguu wake umeendesha na mikono ikisukuma kitambaa upande wake. Na hapo nikaona kitu ambacho kama mwalimu nilipaswa kukijua: hizo ngoma si mchezo wa kuigiza. Anayeweza zile anaweza ngoma za kweli, karibu zote. Kilichobaki ni kelele tu.

Tukaenda kwa ile ngoma nene ya dirishani. Hiyo ina sehemu mbili tu. Alama nyekundu, unapiga katikati. Alama ya buluu, unapiga ukingoni. Nikaiweza! Kwa wimbo mzima! Nilitaka kuendelea nayo mpaka jioni. Mama Wangare akasema wengi hupenda kuanza na hiyo, kwa sababu haina mlango, ni uwanja, kila mtu anaingia. Halafu akasogeza kiwango juu hatua moja na alama zikamwagika kama mvua ya mawe. Nikarudisha fimbo mahali pake.

Mkeka niliukataa. Suruali yangu naijua.

Ikabaki gitaa. Akanipa jekundu, lile lile alilotumia Mzee. Mkanda wake ameushona mwenyewe kutoka kwa mkanda wa gari lililokufa, na vibonyezo viwili vilivyokuwa vimelegea amevikaza na vipande vya gambuti. Lilikaa mwilini vizuri kuliko langu. Nakiri. Alichagua wimbo wa kiwango cha mwanzo, vidonge vya rangi tatu tu.

Ndugu zangu, kujua gitaa ni shida kubwa pale. Mkono wangu wa kushoto unajua nota. Unaposikia wimbo, unaenda wenyewe mahali nota ilipo. Lakini pale hakuna nota, kuna kijani. Sikio langu likawa linasema panda, skrini inasema njano, na kidole changu katikati hakijui kimtii nani. Nilikosa kidonge cha kwanza. Nikakosa cha pili nikikifikiria cha kwanza. Umati ule ule wa kwenye gemu ukanizomea tena. (Nadhani walikuwa wamenikumbuka.)

Mzee Barno akaniambia kwa upole, maneno yangu mwenyewe: "Mwalimu, umekimbia."

Wakati huo watu wawili watatu walikuwa wamepanda kutoka duka la chini. Jasho likanitoka ndani ya koti. Nikasema kibonyezo kimoja cha hilo gitaa kimekwama, naomba lingine.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo nilipojichimbia. Mama Wangare alichukua jekundu akaliangalia, akasema kweli acha ajaribu hicho kibonyezo yeye mwenyewe. Akanionyesha ukuta. Nikashusha lile jeupe, maridadi, jepesi. Alisema kitu kuhusu lile jeupe. Nilisikia nusu, nilikuwa nafunga mkanda. Nikajibu, "Ni sawa, ni sawa," kama mtu anayejua. Yeye akaketi kwa kiti cha cherehani, nyuma yangu kabisa, na lile jekundu mapajani. Wimbo ukaanza.

Kidonge cha kwanza kikalipuka. Cha pili pia. Kumi mfululizo.

Sijui niwaelezeje. Ni kama mkono wangu ulipata wokovu. Niliacha kufikiria nota, nikaacha kufikiria rangi, nikagusa tu kile kijibao kila nilipojisikia, na kila nilipojisikia ilikuwa sawa. Skrini ikaanza kuwaka miali. Wale waliokuwa wananizomea sasa wanapunga mikono. Nikasikia mtu nyuma yangu akiguna kwa mshangao. Nikajua ni kwa ajili yangu.

Nikafumba macho. Bado vidonge vinalipuka, nasikia. (Hapo mtu mwenye akili angejiuliza anaona vipi na macho yamefungwa. Mimi nilijiambia ndio uzoefu.) Nikainamisha gitaa, nikaliinua kuelekea dari. Kwenye sehemu ya gitaa peke yake, ile ya kasi, nikapiga magoti. Kwenye sakafu ya simenti. Na koti la kanisani. Watu wakapiga makofi, na wengine wakapanda ngazi mbio kuja kuona.

Gitaa likafika kwa nota moja ndefu, ndefu sana, halafu kukawa kimya. Nikaona wimbo umeisha. Nikasimama, nikavua gitaa, nikaliweka mezani kwa mkono mmoja, taratibu, nikawageukia watu. Nikamtazama Mzee Barno. Sehemu ya tatu ya hotuba ilikuwa bado ipo.

"Hiyo ndiyo tofauti," nikasema, "kati ya mtu aliyejifunza na mtu anayecheza."

Nyuma ya mgongo wangu, gitaa likaendelea kulia.

Kumbe ule ulikuwa mpumuo tu wa wimbo. Nikageuka kuangalia skrini. Vidonge vinateremka, vinalipuka, kimoja baada ya kingine, bila kosa. Mikono yangu ilikuwa hewani. Gitaa jeupe lilikuwa limelala mezani. Kila mtu ndani ya chumba kile alikuwa anaangalia kiti cha cherehani, na nina hakika walikuwa wamekiangalia muda wote. Mama Wangare alikuwa pale, ncha ya ulimi imetoka kidogo, macho kwa skrini, vidole vinatembea kwenye shingo ya lile jekundu kama anatia uzi sindanoni.

Aliumaliza wimbo. Mtu hakatizwi pale katikati ya wimbo. Hata mimi nilingoja.

Alipoinua macho na kunikuta nimesimama hivyo, alishangaa kwa kweli. Alinikumbusha kwamba aliniambia lile jeupe halina betri, nikamjibu ni sawa. Nikamuuliza sasa alidhani mimi nafanya nini pale mbele.

"Nilidhani unanisindikiza," akasema. "Nikaona Mwalimu ni mtu mzuri, anacheza ili nisione aibu."

Wakacheka. Sitawadanganya kwamba walijaribu kujizuia. Mwanamume mmoja alishuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Mzee Barno peke yake hakucheka mbele yangu. Aligeukia dirisha, akaangalia nje barabarani muda mrefu, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Mimi nikaketi.

Mzee alipogeuka, macho yana machozi ya kicheko, aliomba ruhusa afungue mfuko wangu. Akatoa gitaa langu, la mbao, la nyuzi. Akaketi kwa ukingo wa meza. Nikaona anahesabu kwa midomo bila sauti, akiangalia sehemu tupu ya ukuta kana kwamba vidonge vinashuka pale. Halafu akapiga ule wimbo wa tenzi.

Ubeti wa kwanza, polepole. Kiitikio kikakaribia na mimi nikashika kiti, kwa mazoea. Akakiingia kwa mwendo ule ule, akatoka kwa mwendo ule ule. Ubeti wa pili. Nyuzi mbili tatu zilikwaruza, kwa sababu plastiki haimfundishi mtu kukaba. Lakini mapigo yalikaa kama nguzo za boma. Mama mmoja wa duka la chini akaanza kuimba sauti ya pili, taratibu, na hakuna aliyemwambia aache. Nilifundisha wimbo huo miezi mingi nisiwahi kuusikia ukipigwa hivyo na mkono ule.

Alipomaliza, akaweka gitaa chini kwa uangalifu, akasema sikuliweza lile la plastiki, hilo liko wazi. Lakini kesho kutwa atakuja darasani hata hivyo, kwa sababu vidole vinataka nyuzi. Akauliza kama anaweza kuwa anapitia hapa kwanza, ili mapigo yasipotee njiani. Nikasema anaweza. Ningesema nini?

Watu walipoondoka nilibaki. Nilimwomba Mama Wangare anionyeshe tena. Akanieleza kitu ambacho mimi nilikiita cha watoto: kwamba televisheni nyingi huchelewesha picha kidogo sana, chini ya kupepesa jicho, na kwamba kila asubuhi kabla ya kufungua yeye huketi peke yake akisawazisha picha na sauti mpaka vikutane, kwa sababu mtu akikosa kwa kosa la mashine atadhani ni kosa lake, na hatarudi. Miaka yote hii nafundisha. Sijawahi kufikiria kwa uangalifu hivyo sababu ya mwanafunzi kukosa.

Nikauliza kama anaweza kuniandika. Akachukua daftari lake la vipimo vya nguo, akaandika jina langu, na mbele yake akaandika: mwanzo kabisa. Nikaomba afute hilo neno kabisa. Akakataa.

Nimepangiwa kila Jumamosi, saa nne asubuhi. Mkinikuta kwenye zile ngazi, nawaomba mnisalimie kwa heshima kama kawaida, mniulize habari za kwaya, halafu mkacheke huko mbele mkishapinda kona.